Injini ya Mapigo Manne kwa Ndege ya Rimoti: Kuichagua, Kuiwasha na Kuizuia Isioze

Maswali ni yale yale kila Jumapili uwanjani. Ninunue ya ukubwa gani? Tapeti (nafasi za valvu) nazigusa lini? Mbona inanguruma vizuri ikiwa chini, nikipiga resi inazima? Nimechoka kujibu huku nikipaza sauti juu ya kelele za propela, kwa hiyo nimeandika.

Naongea na wewe ambaye umesharusha ndege ya rimoti yenye injini ya tustroki (mapigo mawili) au mota ya umeme, na sasa umeusikia mlio wa fostroki, yaani ya mapigo manne, ukaupenda. Ninazungumzia injini zinazokunywa methanoli na kutumia plagi ya glo, ile yenye waya unaowaka kwa joto badala ya cheche. Za petroli zina mambo yao.

Kitu kimoja kishike mapema. Injini nyingi mbovu za aina hii nilizofungua ziliharibikia kabatini, wiki kadhaa baada ya kurushwa. Kwenye tustroki, mafuta mapya yenye oili hupita ndani ya nyumba ya krenki kila mzunguko na kuiosha. Kwenye fostroki hayapiti huko. Kinachofika kwenye krenki, beringi na kamshafti ni mabaki tu yanayopenya pembeni ya ringi ya pistoni: oili kidogo, pamoja na mvuke wa maji na asidi. Ukiizima na kuiweka hivyo hivyo, kutu inaanza kazi usiku huo huo. Nilinunua moja ya mkononi nikiwa Mombasa, kwa nje inang'aa kama kijiko cha harusi. Nilipofungua kifuniko cha nyuma, beringi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Sehemu ndefu ya mwongozo huu ni kwa ajili ya injini ile.

Kuchagua ukubwa

Ukubwa wa injini hizi hutajwa kwa sehemu za mia za inchi ya ujazo. "52" ni kama sisi (cc) 8.5, "72" ni sisi 11.8, "82" ni sisi 13.4, na "91" ni karibu sisi 15. Fostroki hupata pigo la nguvu mara moja kila mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo haifikii nguvu ya tustroki ya ukubwa ule ule. Kipimo cha haraka: chukua ukubwa wa tustroki ulioandikwa kwenye boksi la ndege, zidisha kwa moja na nusu. Ndege ya mafunzo iliyoandikwa 40 hadi 46 itafurahi na 62 au 72. Ukiwa mpole na stiki, hata 52 itairusha. Iliyoandikwa 60 inataka 91.

Hapo ongeza suala la mwinuko, maana vitabu vya injini havikuandikwa kwa ajili ya Nairobi. Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Mtu wa Dar es Salaam akikwambia 52 inamtosha, hadanganyi, ila anavuta hewa nyingine. Wa Nairobi, Nakuru au Arusha apande ngazi moja.

Usichague kwa jina peke yake. O.S. ya Japani ilitoa FS-60 mwaka 1976 na kufungua njia, na Saito, Wajapani pia, wamejenga jina lao juu ya fostroki. Zote mbili ni salama kwa anayeanza. ASP na Magnum ni za bei nafuu, na nyingi bado zinapatikana za mkononi. YS ni mashine kali ajabu, lakini mfumo wake wa mafuta una shinikizo na regyuleta, na hauna huruma kwa mgeni. Iache mpaka uwe umeizoea injini ya kawaida. Mimi kwa anayeanza husema: chukua ile ambayo ringi, beringi na gasketi zake bado zinauzwa. Muulize muuzaji wa spea kabla ya kumuuliza muuzaji wa injini.

Kama unanunua ya mkononi, izungushe propela polepole kwa mkono. Kila mizunguko miwili unapaswa kukutana na ukinzani mmoja mzito wa kompresheni. Hapo ulipokutana nao, simama na usikilize. Hewa ikivuja "fsss" kwenye kabureta, valvu ya kuingizia haikai sawa. Ikivujia eksozi, ni valvu ya kutolea. Ikitokea kwenye kipumulio cha chini (tundu la nyumba ya krenki), ringi imechoka. Kisha sikiliza beringi. Mkwaruzo kama mchanga ni kutu, haijalishi mwenye mali anasema nini. Omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe, bolti nne tu. Akikataa, funga mkoba wako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mafuta yenye oili asilimia 18 hadi 20 na nitromethani asilimia 5 hadi 15. Fostroki huenda hata bila nitro kabisa, methanoli 80 kwa mafuta ya mbarika 20, ila mngurumo wa chini utakuwa wa wasiwasi.
- Plagi ya glo ya fostroki. Aina F ya O.S. ndiyo inayotumiwa na wengi. Nunua mbili.
- Kiwashio cha plagi chenye chaji.
- Stata ya umeme, au kijiti cha mpira cha kupigia propela. Siyo kidole.
- Propela mbili za saizi ile ile (namba ni inchi: kipenyo, kisha mwinamo). 52 huvaa 11x7 au 12x6, 72 huvaa 13x6, 82 huvaa 13x8 au 14x6, 91 huvaa 14x6 au 14x7.
- Takometa ya macho, kipima mizunguko. Wengi huiruka kwa sababu ya bei. Usiiruke.
- Fila geji (vibamba vya kupimia nafasi) yenye bamba la 0.04 au 0.05 mm na la 0.10 mm, spana ndogo ya nati za tapeti na alen ki ya 1.5 mm.
- Oili ya kuhifadhia. ATF, oili ya gia otomatiki ya magari, inafaa na inapatikana kila mahali.
- Bomba la sindano la hospitali, bila sindano.

Neno kuhusu methanoli: ni sumu. Kenya mwaka 2000, na tena 2014, watu walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Usiiweke kwenye chupa ya soda hata dakika moja, usiipumue ukiwa ndani ya chumba, na ikimwagika kwenye ngozi osha. Moto wake hauonekani juani. Ukiona ndege "inatoa joto" bila moshi, tayari inaungua.

Na kuhusu kuruka kwenyewe, ulizia kwanza masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania, hasa ukiwa karibu na kiwanja cha ndege.

Kuifunga na kuizoesha kazi

1. Fungia injini kwenye mbao ya majaribio kwanza, si kwenye ndege. Tangi likae nyuma yake, katikati ya tangi ikiwa sawa na sindano ya kabureta (skrubu ya kupimia mafuta) au chini yake kwa sentimita moja isizidi. Tangi likiwa juu, mafuta yatajimwagia ndani injini ikiwa imezimwa.

2. Bomba la kipumulio liachwe wazi na lielekee chini, nje. Kuna watu huliziba "ili oili isichafue ndege". Oili ile chafu ndiyo yenye maji na asidi. Iache itoke.

3. Kaza nati ya propela, kisha nati ya pili ya usalama juu yake. Fostroki ina tabia ya kupiga kinyume mafuta yanapopungua, na pigo moja la kinyume linatosha kurusha propela na nati vyote. Propela ya mbao ikague kila siku ya kuruka. Hali ya hewa ikikauka mbao husinyaa na nati hulegea yenyewe.

4. Fungua sindano kuu mizunguko mitatu hadi minne kutoka kufungwa kabisa, isipokuwa kitabu chake kikisema vingine. Tunataka mchanganyiko mzito, mafuta mengi kupita kiasi.

5. Throto wazi, plagi bila umeme, ziba mdomo wa kabureta kwa kidole na uzungushe propela mpaka uone mafuta yamefika. Kumbuka inavuta mara moja tu kila mizunguko miwili, kwa hiyo usihesabu kama tustroki.

6. Kabla stata haijagusa kitu, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma katikati kama imegonga jiwe, mafuta yamejaa juu ya pistoni. Toa plagi, geuza injini, yamwage. Mafuta hayabanwi. Ukiilazimisha kwa stata utapinda fimbo ya pistoni. Hili ndilo kosa ghali kuliko yote humu, na hutokea zaidi kwa injini iliyofungwa kichwa chini.

7. Throto robo, unganisha kiwashio, washa kwa stata. Ukipenda kwa kijiti, vuta propela kinyume polepole mpaka uhisi ukinzani, halafu ipige kinyume kwa nguvu. Itaruka na kuwaka upande sahihi. Inafurahisha ukishaizoea, na inauma vilivyo siku ya kwanza.

8. Dakika kumi za kwanza iache izunguke karibu mara 4,000 kwa dakika, ikimwaga mafuta kwenye eksozi. Izime, ipoe kabisa. Kisha choma matangi mawili au matatu zaidi, ukipandisha throto kwa sekunde chache na kuishusha. Kila tangi, funga sindano kidogo tu.

9. Rusha. Saa nzima ya kwanza angani iwe na mafuta mengi kidogo, moshi uonekane. Mambo ya resi kamili yasubiri.

Simama nyuma ya propela unaporekebisha sindano, na watoto wasikae pembeni usawa wa mzunguko wake, maana huko ndiko vipande huelekea. Naona kila wiki mtu anainama mbele ya injini iliyo resi kamili ili afikie sindano. Usiwe huyo.

Kurekebisha sindano

1. Injini ikiwa imepata moto, piga resi kamili na funga sindano kuu taratibu, mbofyo mmoja mmoja, macho kwenye takometa. Itapanda, itapanda, kisha itakoma.

2. Irudishe nyuma mpaka ipungue mizunguko 200 hadi 300. Hapo ndipo mahali pake. Kwa propela za saizi nilizotaja, injini nyingi zitakaa kati ya 8,500 na 10,000 ardhini.

3. Shikilia ndege vizuri, inua pua juu kwa sekunde kumi. Mizunguko ikishuka, ongeza mafuta.

4. Shusha hadi mngurumo wa chini, 2,000 hadi 2,500, na bana bomba la mafuta kwa vidole. Ikizima hapo hapo, mafuta ya chini ni machache. Ikipanda kidogo, ikakaa sekunde mbili tatu ndipo izime, uko sawa. Ikipanda sana na kuchelewa kuzima, mafuta ya chini yamezidi. Rekebisha skrubu ya mafuta ya chini kwa robo ya robo ya mzunguko, ujaribu tena.

Watu waliotoka tustroki huweka sindano kwa sikio. Kwa fostroki sikio litakudanganya, kwa sababu mlio wake mzuri zaidi hutokea karibu sana na pale inapoanza kugonga. Ukisikia "tak-tak" kali, shusha throto mara moja.

Wale wanaosafiri na ndege, zingatieni hili. Sindano iliyowekwa Mombasa itakuwa na mafuta mengi Nairobi, na injini itakuwa nzito tu, hakuna kilichoharibika. Kinyume chake ni hatari: sindano ya Nairobi ukishuka nayo pwani itakuwa na mafuta machache, na injini itachemka na kugonga. Kabla ya kushuka, fungua nusu mzunguko, ukaanze upya huko.

Tapeti

Baada ya saa ya kwanza au ya pili ya kazi, kisha kila unapohisi kompresheni imepungua au inawaka kwa shida. Hakuna haja ya kuzigusa kila wiki. Kila ukifungua ni nafasi nyingine ya kuvunja skrubu.

1. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku. Silinda ya alumini hutanuka zaidi ya vijiti vya chuma vinavyosukuma roka (mikono inayofungua valvu), kwa hiyo nafasi huongezeka ikipata moto. Ukiseti ikiwa ya moto, ikipoa nafasi itaisha, valvu zitabaki wazi kidogo, na kesho yake utapiga stata mpaka betri ife.

2. Toa vifuniko vya roka na plagi. Zungusha mpaka pistoni ifike juu kabisa na valvu zote mbili zimefungwa. Kama roka zinasogea unapotikisa propela kidogo huku na huku, uko kwenye mzunguko usio wenyewe. Zungusha mara moja zaidi.

3. Bamba la 0.04 au 0.05 lipite kati ya roka na ncha ya valvu. La 0.10 likatae.

4. Likikataa la kwanza au likipita la pili, legeza nati, zungusha skrubu kidogo, ishikilie isisogee, kaza nati, pima tena. Kukaza nati hubadilisha kipimo karibu kila mara, kwa hiyo kipimo cha mwisho ndicho kinachohesabika.

Fundi wa bodaboda anayejua tapeti za pikipiki anaweza kukufanyia, mradi umwambie akaze kwa vidole na si kwa mabega.

Baada ya kuruka: kazi ya dakika tano

1. Ruko la mwisho likiisha, shusha hadi mngurumo wa chini na uchomoe bomba la mafuta. Iache ijizime kwa njaa. Usiizime kwa kufunga throto.

2. Unganisha kiwashio, ipige stata tena mara mbili tatu mpaka isiwake hata kidogo. Methanoli iliyobaki huvuta unyevu hewani, na pwani unyevu haukosi.

3. Mwaga tangi.

4. Geuza ndege, kipumulio kielekee chini, kioevu cheusi kidondoke.

5. Kwa bomba la sindano, tia mililita moja au mbili za ATF kupitia kipumulio, na matone machache kwenye mdomo wa kabureta throto ikiwa wazi. Futa ikigusa mpira au bomba la silikoni.

6. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili, halafu stata kwa sekunde chache, kiwashio kikiwa hakijaunganishwa. Iegeshe pale kompresheni ilipo nzito, valvu zote zimefungwa.

Kama hutaruka kwa mwezi, rudia namba 5 na 6 katikati ya mwezi. Injini yangu ya pili nilianza kuitendea hivi tangu siku ya kwanza. Beringi zake ni zile zile za kiwandani, na niliishi nayo pwani miaka mitatu.

Beringi zikishaoza hazitibiki kwa oili. Zinabadilishwa. Namba imechorwa kwenye pete yake, na mara nyingi duka la beringi la kawaida, Gerezani kwa wa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, litakuwa na ya vipimo hivyo hivyo. Onyo moja tu: kabla ya kutoa kamshafti, iweke pistoni juu kabisa na utie alama za rangi kwenye meno ya gia. Ukirudisha jino moja pembeni, injini haitawaka, au itawaka vibaya na utahangaika na sindano wiki nzima bure.

Ikigoma

*Inawaka, ukitoa kiwashio inazima.* Plagi imechoka au si ya fostroki. Badilisha kabla ya kugusa sindano. Kama bado, mafuta ya chini yamezidi.

*Inanguruma, ukipiga resi inazima.* Ikizima kwa ghafla bila moshi, mafuta ya chini ni machache. Ikikohoa na kutoa moshi mzito kwanza, yamezidi.

*Inarusha propela.* Sindano imefungwa mno, au propela ni nzito kwake. Fungua sindano, punguza saizi, weka nati mpya ya usalama. Propela iliyoruka usiirudishe, hata kama huioni ufa.

*Mapovu kwenye bomba la mafuta.* Kuna tundu, au tangi linatikisika. Zungushia sponji.

*Ilikuwa na nguvu, sasa imelegea, na sindano haisaidii.* Pima tapeti, kisha fanya lile jaribio la kusikiliza hewa inavujia wapi.

*Imekaa mwaka, haizunguki kabisa.* Usishike spana. Mara nyingi ni mafuta ya mbarika yaliyoganda kama gundi, wala si kutu. Toa plagi, ipashe moto kwa kikausha nywele mpaka isishikike kwa mkono, dondoshea ATF kwenye tundu la plagi na kipumulio, subiri robo saa, kisha ijaribu kwa kuitikisa propela huku na huku kwa vidole viwili. Italegea kidogo kidogo. Ikishazunguka, fungua kifuniko cha nyuma uangalie rangi ya beringi kabla hujafikiria kuiwasha.